Rivyu ya tiketi ya msimu daraja la nne Uskoti: mechi 36, majirani tisa na pai ya makaroni

Nianze na samahani kwa wote walioniuliza toka mwaka juzi "vipi hiyo ligi ya huko kijijini kwenu, inalipa?" nikawajibu ntaandika halafu kimya, kazi za zamu mnazijua, mtu unarudi nyumbani hata kuvua viatu unaona uvivu. Sasa ndo naandika. Hii ni rivyu ya tiketi ya msimu niliyonunua kwa hela yangu mwenyewe, hakuna aliyenipa bure, ligi inaitwa League Two, ni ya nne kutoka juu huku Uskoti na ndo ya mwisho kabla hujaangukia kwenye ligi za kanda. Msimu ni ule wa 2023-24 ambao ulikuwa wangu wa kwanza, na kwa vile nimeshakaa mwingine baada ya huo nina cha kulinganishia. Timu yenyewe siitaji. Mji mdogo huu, anayevaa kofia ya Coastal Union jukwaani ni mimi peke yangu, nikisema neno kuhusu choo chao Jumamosi inayofuata getini wananisubiri.

Bidhaa yenyewe iko hivi. Ligi ina timu 10, kila timu inacheza na kila mwenzake mara 4, mbili nyumbani mbili ugenini, jumla mechi 36 kuanzia Agosti mpaka mwanzo wa Mei. Tiketi ya msimu inakufungulia geti kwa zile 18 za nyumbani za ligi, makombe unalipa upya. Nililipa paundi 200 kasoro kidogo, ukigawa inakuja kama 11 kwa mechi wakati pale getini siku ya mechi ilikuwa kama 15, kwa hiyo ukikosa mechi tano tu umeshakula hasara. Mimi nilikosa mbili kwa ajili ya zamu na moja kwa uvivu wa wazi kabisa, mvua ilikuwa inanyesha kwa ubavu.

Sasa hapo kwenye mara nne ndo pa kukaa, maana mtu yeyote akikuuzia hii tiketi bila kukueleza hilo anakuficha kitu. Mara ya kwanza nilivyoangalia ratiba nikasema huu ni wizi, yaani nalipia msimu mzima halafu sura ni zilezile tisa, Oktoba tumecheza nao, Desemba tena, Februari tena, hata Simba na Yanga wenyewe kwenye ligi wanakutana mara mbili tu na nchi inasimama. Nikadhani ntachoka. Na kweli mpaka kwenye Novemba nilikuwa nimechoka, nikawa nasinzia kwenye mechi huku nimesimama.

Ila mi nimekulia nyumba ya kupanga Ngamiani kule Tanga, vyumba kumi, ua mmoja, bomba moja, choo kimoja, na aliyewahi kuishi hivo anajua kwamba jirani humjui siku ya kwanza mkisalimiana mlangoni. Unamjua siku ya mia, ukishajua anafua siku gani, anakohoa saa ngapi, ndoo yake ni ipi na nani alimmwagia maji ya dagaa mwaka gani wakaacha kusemeshana. League Two ni ile nyumba. Timu kumi zinachangia ua mmoja na kila baada ya wiki tisa mnapishana tena koridoni mkiwa na ndoo mkononi, na mwenzio bado anakumbuka ulichomfanyia safari iliyopita.

Mfano. Kulikuwa na winga wa timu moja, sitaki kumtaja kijana wa watu, miguu myepesi kama mshale, mara ya kwanza kuja kwetu alimfanya beki wetu wa kushoto aonekane kama anatafuta funguo gizani. Kila akipata mpira anajifanya anakwenda chaki ya pembeni halafu anaukata kuingia ndani na mguu wa kushoto, kila mara, hana kingine. Mzee ninayesimama naye, shabiki wa miaka yote, akaniambia hapohapo huyu ana nyimbo moja tu. Mechi ya pili tukaenda kwao, beki wetu kapigwa chenga ileile mara tatu badala ya saba. Ya tatu, mara moja. Ya nne, mwezi wa nne, jua kidogo limetoka, kijana kapokea, kajifanya anakwenda chaki, na beki wetu hata hakugeuza kichwa, kasimama tu ndani kule anakotaka kukatia kama konda anayesubiri nauli, kapewa mpira mguuni. Jukwaa zima watu labda 400 tukapiga kelele kama tumefunga goli. Mtu aliyekuja siku hiyo tu kwa mara ya kwanza angeshangaa hawa wazimu wanashangilia nini, beki kachukua mpira, basi. Sisi tulikuwa tumelipia mechi nne kuiona ile sekunde moja.

Hiyo huipati kwenye TV na huipati kwenye ligi ambayo timu inakuja mara moja kwa mwaka inaondoka na kocha mpya na kikosi kipya.

Kuhusu mpira wenyewe ntakuwa mkweli msije mkanilaumu. Ni wa kupanda na kushuka. Kuna Jumamosi unaona pasi kumi na mbili mfululizo unajiuliza nimekosea uwanja, na kuna Jumamosi mpira unakaa hewani mpaka shingo inauma, kipa anapiga, beki anapiga kichwa, kiungo anapiga kichwa, upepo unaurudisha kwa kipa yuleyule aliyeanza. Kutuliza mpira mguuni ni shida, kona nyingi zinaishia kifuani kwa beki wa kwanza. Wachezaji wengi ni wa muda, yaani wana kazi zao mchana, kuna fundi bomba, kuna mwalimu, kuna wa kwenye maghala, wanafanya mazoezi jioni mbili kwa wiki basi. Ukijua hivo unaacha kutukana. Au unatukana kwa adabu. Siku moja beki wetu huyohuyo anakwenda kurusha mpira, mtu wa nyuma yangu akamuuliza boila yangu ya maji ya moto unakuja kuimalizia lini, akajibu Jumanne huku anaufuta mpira na jezi, akarusha. Mita mbili kutoka kwangu. Mpira wa kurusha wenyewe ulikuwa mbovu.

Kila kitu kinasikika, hilo ndo jambo lingine hukai ukalijua mpaka uende. Kocha anavyomfokea kiungo unasikia jina na tusi na sababu ya tusi. Kibendera amesimama karibu kiasi kwamba mzee wangu akimwambia umesahau miwani yeye anacheka kabisa, halafu anaendelea kutuonea.

Viwanja. Jamani viwanja. Ugenini tiketi yangu haifungui, unalipa mwenyewe na nauli juu, lakini nilikwenda saba na kwa maoni yangu hapo ndo utamu ulipo. Methil kwa East Fife kuna jukwaa moja tu, upande mmoja wa uwanja, pande tatu zilizobaki ni wewe na upepo wa bahari. Hawa ndo waliobeba Kombe la Uskoti mwaka 1938 wakiwa daraja la pili, leo unakaa kwenye hilo jukwaa lao moja ukiwa na shali imekufunika hadi machoni na unajaribu kuamini. Dumbarton uwanja uko chini ya jabali kubwa lenye ngome juu yake, na hao ndo mabingwa wa ligi ya kwanza kabisa ya Uskoti, 1890-91, waligawana ubingwa na Rangers, mwaka uliofuata wakauchukua peke yao. Peke yao! Halafu unawakuta daraja la nne wanagombea mpira wa kurusha. Sisi tuna Pamba, bingwa 1990 halafu akapotea miaka na miaka hadi akarudi Ligi Kuu 2024, kwa hiyo habari ya mkubwa aliyeshuka hainishangazi, ila huyu wa Dumbarton kashuka na historia ya kuanzisha ligi yenyewe.

Clyde ndo walinichekesha, Mungu anisamehe. Timu imebeba Kombe la Uskoti mara tatu, 1939, 1955 na 1958, lakini haina uwanja wake, wametoka Cumbernauld mwaka 2022 wakaenda kukaa kwenye uwanja wa Hamilton. Kwenye ile nyumba yangu ya Ngamiani huyu ni mpangaji aliyepanga kwa mpangaji.

Bonnyrigg wana uwanja ulioinama. Sisemi kidogo, umeinama, mpira ukiuacha peke yake unaanza safari. Mi nilifurahi sana kule, watu wamesimama karibu na chaki, kelele, mji mdogo wenye timu yenye roho, walikuwa wamepanda 2022 tu. Ila wenye ligi hawakufurahi, msimu wa 2024-25 waliwakata pointi 6 kwa ajili ya huo mteremko kutofikia vigezo. Pointi sita kwenye ligi hii ni mwezi mzima wa maisha. Wakamaliza mkiani. Nilishawahi kuona timu inakatwa pointi kwa deni, kwa mchezaji asiye na leseni, lakini kwa mlima? Sitaki kuingilia, kanuni ni kanuni na walipewa muda, ila mzee wangu siku hiyo aliongea maneno ambayo hata nikiyatafsiri hayataingia humu.

Peterhead ni mbali, bandari ya wavuvi kule kaskazini mashariki, harufu ya samaki ikanikumbusha Deep Sea kwetu Tanga, tofauti ni baridi tu. Pale ndo Rangers walipocheza mechi yao ya kwanza ya daraja la nne Agosti 2012, baada ya kampuni kufilisika na timu kuanzia chini, wakatoka sare 2-2. Msimu huo huo Ibrox, uwanja wa Rangers, iliingiza zaidi ya watu 49,000 kuangalia mechi ya daraja la nne dhidi ya East Stirlingshire. Mzee anasema ule mwaka timu ndogo za ligi zilikuwa zinatembea kama zimepata mjomba tajiri, kila geti lilijaa Rangers wakija. Sasa hivi tuko mia tano, mia sita, baridi ikikaza mia tatu na mbwa wawili.

Na kama unadhani Peterhead ni mbali, watu wa Elgin wakienda Stranraer ni zaidi ya kilomita 400 kwenda tu, ncha hii ya nchi mpaka ncha ile, na kwa mpango wa mara nne wanafanya hivo mara mbili kwa msimu na wenzao wanarudisha mara mbili. Mchezaji Jumatatu asubuhi yuko kazini.

Kuna na Forfar, ambao hapa wana mchezo wa kukunja ulimi na East Fife, kwamba mtangazaji asome matokeo ya East Fife nne Forfar tano kwa Kiingereza haraka bila kujing'ata. Nikawafundisha wale wa Liwale wala wali. Mzee bado anajaribu.

Sasa chakula, na hapa naongea kama mteja. Uwanjani Uskoti chakula ni pai, ya nyama ya kusaga yenye pilipili manga, ganda gumu la duara linakaa kiganjani, mafuta yake yanachuruzika ukiling'ata vibaya mpaka kwenye mkono wa koti. Kinywaji ni Bovril, supu nyeusi ya ng'ombe ya kukoroga na maji ya moto. Watu wanaisifia sana, inanukia vizuri kweli, mi siwezi kuila wala kuinywa kwa sababu ya halali kwa hiyo siwapi maksi wala siwanyimi. Ila kuna pai ya makaroni. Makaroni na jibini ndani ya ganda lilelile, watu wa nje wakisikia wanacheka, wanga ndani ya wanga, mi mwenyewe nilicheka. Halafu ikawa Desemba, jua linazama saa kumi kasoro, mechi inaanza saa tisa kwa hiyo kipindi cha pili chote ni taa, vidole huvisikii, ukapewa hiyo kitu ya moto mkononi. Nimekula labda 20 msimu ule. Nikiwa na malalamiko ni kwamba yule mama wa dirishani anazipasha chache, na watu wanaoacha nyama wameongezeka siku hizi, mapumziko unafika mbele foleni ya dakika kumi unaambiwa zimebaki za nyama. Imenikuta mara tatu. Mara ya tatu nilirudi jukwaani sikusema na mtu.

Pombe hakuna, na watu wengi hawajui. Tangu vurugu za fainali ya Kombe la Uskoti 1980 kati ya Celtic na Rangers sheria ilizuia kuuza pombe kwa mashabiki wa kawaida uwanjani, ukitaka bia unakunywa huko kabla unakuja. Kwangu hiyo ni nyota ya ziada, familia zinakuja, watoto wanakimbizana nyuma ya goli, hakuna wa kukumwagia kitu.

Malalamiko makubwa mengine ni huduma. Apu ya tiketi waliyotuletea msimu huo ilikuwa balaa, siku ya kwanza ya Agosti tumepanga foleni getini kila mtu kashika simu juu kama anatafuta mtandao Handeni, msimbo haufunguki, mwisho mzee wa getini kasema pita pita wote nawajua, mimi hanijui, nikabaki nje na jamaa mwingine mgeni mpaka dakika ya 12. Tiketi ya karatasi haikuwahi kunifanyia hivo. Choo cha wanaume hakina paa lote, nusu. Sina la kuongeza.

Na kuahirishwa. Baadhi ya viwanja ni nyasi bandia lakini vingine ni nyasi za kweli, na Januari ardhi inaganda kuwa jiwe, refa anakuja asubuhi anakagua, anadundisha mpira mara mbili, anaweka kisigino, anasema hapana. Ni sawa akisema saa tatu asubuhi. Sisi ugenini mara moja ilisemwa saa nane mchana, tukiwa kwenye basi tumebakiza dakika ishirini kufika, dereva kageuza kwenye kituo cha mafuta watu 31 wote kimya, mtu mmoja tu akawa anacheka peke yake mpaka nikamuogopa. Mechi inakuwa kiporo, inapangwa Jumanne usiku, na mwenye zamu ya usiku imekula kwake.

Ila kiporo ndo kilinipa usiku wangu bora wa msimu wote. Mwanzo wa Aprili, Ramadhani ile ya 2024 iko kumi la mwisho, walikuwa wameshasogeza saa mbele kwa ajili ya kiangazi kwa hiyo magharibi inaingia karibu saa mbili kasoro dakika kumi, na mechi inaanza saa mbili kasoro robo. Nimepiga hesabu nyumbani nikaona nafuturu dakika ya tano. Nikabeba tende kwenye kimfuko, chupa ya maji, na flaski ya uji wa mchele uliowekwa pilipili manga, huo uji sina utani nao. Mechi imeanza, naangalia simu, imefika, nimefungua kimfuko, nimeinamisha kichwa kusema bismillahi, tende inaingia mdomoni nasikia kelele za upande wa pili. Tumefungwa. Nainua kichwa mpira uko wavuni, kipa anamfokea kila mtu. Na lile ndo lilikuwa goli pekee la usiku ule, na huku hakuna skrini, hakuna marudio, goli ukilikosa umelikosa. Ikabidi mzee anielezee, kwa mikono, pai ikiwa mkono mmoja, akionesha mpira ulivyopita juu ya beki kwa kutumia ganda, makombo yananiingia kwenye uji. Nikampa tende tatu. Akauliza kokwa natupa wapi. Nikamwambia weka mfukoni kama sisi. Mpaka leo sijui lile goli lilikuwaje hasa, yeye anasema kichwa, kijana wa mbele yake anasema goti.

Tumepoteza 1-0 nimetembea kurudi nyumbani nimeshiba, nimeridhika, sielewi kwa nini.

Msimu wenyewe kwa ujumla uliishaje, kwa wasiofuatilia. Bingwa alikuwa Stenhousemuir, timu ya mwaka 1884, na huo ndo ulikuwa ubingwa wao wa ligi wa kwanza tangu wazaliwe. Miaka 140 wanasubiri. Kilomita chache tu kutoka kwao Falkirk nao msimu huohuo wakabeba daraja la tatu wakicheza mechi zote 36 bila kufungwa hata moja, ule mkoa mdogo nadhani walilala nje. Stenhousemuir wana mashabiki Norwei kabisa, wameunda tawi, wanapanda ndege kuja kuangalia daraja la nne, kwa hiyo anayenishangaa mimi wa Tanga akawashangae kwanza hao. Wa kupanda kwa mchujo walikuwa Dumbarton wa chini ya jabali, waliomaliza wa nne, waliwatoa Spartans kwenye fainali, na Spartans nao ulikuwa msimu wao wa kwanza kwenye ligi wakashika nafasi ya tatu. Sisi hatukupanda wala hatukushuka. Tulikuwepo.

Chini ndo kuna hofu. Zamani chumba cha mwisho kwenye hii nyumba hakuna aliyekuwa anafukuzwa, unamaliza wa mwisho, unalala, Agosti unaanza upya. Kuanzia 2015 wakaweka mlango. Kwa misimu hii ninayoisema, bingwa wa ligi ya nyanda za juu alikuwa anacheza na bingwa wa nyanda za chini, mshindi anakuja kupambana na wa mwisho wetu nyumbani na ugenini, anayeshindwa anabaki nje. East Stirlingshire walitoka 2016, Berwick 2019 wamepigwa jumla 7-0 na Cove Rangers, na hao Berwick mji wao uko upande wa England wa mpaka lakini walikuwa wakicheza Uskoti miaka yote. Brechin 2021, ambao miaka michache nyuma walikuwa daraja la pili wakamaliza mechi 36 bila kushinda hata moja, pointi 4. Uwanja wao una ua la michongoma kabisa pembeni ya chaki, mzee anasema alilia kwa ajili ya lile ua. Cowdenbeath 2022, Albion Rovers 2023. Msimu wangu wa kwanza Stranraer ndo alikuwa mkiani, akaponea mbele ya East Kilbride. Msimu uliofuata East Kilbride wakarudi tena, na safari hii waliyemkuta mlangoni ni Bonnyrigg na mlima wake na pointi zake sita zilizokatwa. Wakamtoa. Nilimtumia mzee ujumbe, hakujibu siku mbili.

Maksi zangu: mpira nyota 3, na hapo nimekuwa mkarimu. Thamani ya hela 4. Huduma ya tiketi 1, na hiyo moja ni ya mzee wa getini siyo ya apu. Viwanja vya ugenini 5. Makaroni 5 ukiipata. Choo sikipi.

Nani anunue? Ukiwa unaishi huku na umezoea kuangalia mpira kwenye TV tu, jaribu mechi moja getini kwanza, usinunue msimu kwa ajili ya maneno yangu. Ukiwa mtu wa kutaka kushinda usije kabisa. Ukiwa una watoto njoo nao, wengi wa timu hizi watoto wanaingia bure au kwa hela ndogo sana, uliza kwanza. Vaa soksi mbili, ya pamba ndani ya sufu nje, usifanye kinyume kama mimi. Simama upande wa jukwaa wa benchi la wageni, ndo kuna matusi mazuri. Angalia simu saa tano asubuhi kabla ya kupanda basi kama kuna baridi kali. Na kama huli nyama yao, usisubiri filimbi ya mapumziko, nenda dirishani dakika ya 35 hata kama tuna kona, kona zetu mnazijua zinaishia wapi.